Karatasi ya Mama Lam

Kadutu, Bukavu
22 Septemba 2015

Héritière mwanangu,

Nakusalimu wewe, namsalimu baba yako, ndugu yangu Bahizire, na huyo mdogo wako Heri ambaye nasikia anaelewa Kiswahili chote lakini anakijibu kwa Kiingereza. Mwambie shangazi yake alifundisha shule ya msingi mpaka nywele zikawa nyeupe, na hajawahi kushindwa na mtoto.

Huku tupo. Mvua imeanza mapema na njia ya kushukia sokoni imekuwa utelezi mtupu. Uwamariya, jirani yangu wa duka la vocha, amepata mjukuu wa kike. Wamempa jina langu, Donatille, maskini mtoto. Sambaza, vile visamaki vya ziwani, ni nyingi mwaka huu, ila sijui wanazikaanga na nini siku hizi, maana kila nikizila nasikia ladha ya misumari. Vile viatu vyeusi ulivyonitumia wakati wa Pasaka vimekuwa vidogo. Labda ngozi ya Amerika husinyaa ikifika kwetu. Nimempa binti wa Uwamariya, anavivaa kwa maringo.

Ildephonse alifika salama. Shemasi wenu huyo ana mke huku na kazi huko, kwa hiyo Mungu ametupatia posta. Kopo la vidonge vya maumivu nimelipokea. Kubwa hivyo! Uliandika nimeze kimoja nikiumwa. Mimi naumwa kila siku, basi nameza asubuhi, mchana na jioni, kama chai.

Sasa neno lenyewe. Vidonge vinasaidia lakini havimalizi. Hizi reins zangu zimekuwa bosi wangu: nikitaka kuinama zinakataa, nikitaka kusimama zinataka kwanza nizibembeleze. Wale Wachina waliokuja kutengeneza barabara walikuwa na daktari wao, akampa Uwamariya majani ya kuchemsha, na Uwamariya leo anabeba gunia. Wachina wameondoka. Sokoni kuna pakiti nyingi za Kichina zenye picha ya figo na picha ya simba, lakini hakuna anayejua kuzisoma, hata anayeziuza. Huko kwenu Wachina wapo na wanaulizika. Nitafutie majani ya reins, yale ya kweli.

Nilimwuliza Ildephonse habari zako. Akasema unapima damu za watu maabara, unasali, na… hapo akanyamaza, akaomba chai nyingine. Shemasi akinyamaza, kuna jambo. Nangoja.

Shangazi yako,
Donatille


Saint Paul
30 Oktoba 2015

Shangazi mpenzi,

Pokea salamu zangu za heshima. Baba anakusalimu kutoka Bloomington, kwenye hoteli yake, ambako anasema mashuka anayofua ni mengi kuliko watu wote wa Kadutu. Heri amejiunga na timu ya magongo ya kwenye barafu, na ameshang'oka jino moja. Majani ya miti yamekwisha kuanguka. Mimi ni mzima.

Kuhusu ombi lako. Jumamosi tulikwenda kwa mwuza dawa wa Kichina hapa Saint Paul, kwenye barabara ile ndefu ya treni. Duka lake limebanwa kati ya Wahmong, wakimbizi kutoka Asia, wanaouza vitambaa na fundi wa matairi. Tulipofika alikuwa anakula wali nyuma ya meza, hakuinuka. Anaitwa Mama Lam. Ukuta mzima nyuma yake ni droo ndogondogo, na harufu ni ya udongo baada ya mvua, na ya kitu kichungu kidogo.

Nilimwambia shangazi yangu anaumwa mgongo. Nilikuwa nimemwuliza Baba kwanza, na Baba alicheka: "Reins za dada? Mgongo huo! Amebeba maji tangu utotoni." Na mimi nimewaona mama zetu wa kwaya wanavyosema reins huku wameshika kiuno. Lakini kwenye vitabu nilivyosomea, neno hilohilo la Kifaransa ni figo. Nilichagua mgongo, kwa sababu mgongo haunitishi.

Mama Lam alitoa kipande cha gome la mti, akakivunja mbele yangu. Hakikukatika. Pande mbili zilishikana kwa nyuzi nyeupe nyembamba kama za buibui, akazivuta zikarefuka. "Hili ni la mgongo," akasema. Nikafungua mkoba. Naye akalirudisha gome kwenye droo.

"Yeye mwenyewe anasemaje? Neno lake."

Nikamwambia neno lako, nikamweleza kwamba lina maana mbili. Alicheka mpaka akaweka bakuli chini.

"Mbili? Kwetu kiuno ni nyumba, na figo ndiyo mwenye nyumba. Wewe unataka kupaka nyumba rangi bila kubisha hodi?"

Hakuniuzia kitu, Shangazi. Alinipa maswali. Naandika haraka kabla aibu haijanishika. Unalalaje, unaamka mara nyingi kwenda haja ndogo? Mkojo ni wa rangi gani, una povu? Miguu inavimba? Chakula kina ladha gani? Masikio yanalia? Unasikia baridi? Na la mwisho: unaogopa nini?

Ningekuuliza kwa simu, lakini simu yako ni ya Uwamariya, na ukiwa dukani kwake unaniambia "tuko salama" kwa sauti ya kusoma matangazo kanisani.

Barua hii anaibeba Murhula, mwenzetu wa kanisani anayekaa Oakdale, anayekuja kumzika mama yake. Mpe pole, naye atanirudishia majibu yako.

Mtoto wako,
Héritière


Kadutu
12 Desemba 2015

Héritière,

Salamu kwa wote. Tumemzika mama yake Murhula vizuri. Watu walikuwa wengi, na chakula kilitosha. Heri aweke jino lake mahali pazuri.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Mimi ndiye niliyekuingiza chumbani ulipovunja ungo, nikafunga mlango, nikakufundisha kitambaa kinafungwaje, na mwili wa mwanamke unatunzwaje. Uliinamisha kichwa kwa aibu na mimi nikaendelea kusema, kwa sababu ndiyo kazi ya shangazi. Sasa leo mtoto huyohuyo ananiandikia kutoka Amerika kuniuliza mkojo wangu una povu? Njia hiyo haina kurudi nyuma, mwanangu. Shangazi anamwambia binti. Binti hamwulizi shangazi.

Reins zangu ni mgongo. Nitumie majani, basi.

Ila kuna jambo jingine, maana nilifundisha sarufi, nawe ulikuwa mwanafunzi wangu. Umeandika "tulikwenda" na "tulipofika". Baba yako alikuwa Bloomington kwenye mashuka yake. Heri alikuwa anang'oka meno. Huyo "tu-" ni nani? Nilimbana Murhula jikoni na sahani ya sombe ya majani ya muhogo, akaimba kama kanari: Mkenya, anaitwa Jotham, muuguzi wa wazee huko Golden Valley, anakaa benchi la nyuma yenu kanisani na kuwarudisha nyumbani kwa gari lake. Tena amekwisha kukuuliza swali, na wewe hujamjibu tangu kiangazi.

Kiangazi! Na unaniuliza mimi kuhusu povu.

Donatille

Huyo Mama Lam anajua kusoma Kifaransa?


Saint Paul
20 Januari 2016

Shangazi mpenzi,

Heri ya mwaka mpya. Baba yuko salama, Heri yuko salama. Theluji imefika magotini. Nisamehe kwa barua ile. Ulipoandika jina langu tupu, bila "mwanangu", niliikunja barua yako nikaiweka mfukoni mwa koti la kazini, na siku nzima mkono wangu ulikuwa unaigusa. Kazi yangu ni kusoma damu za watu nisiowajua. Chupa zinakuja na namba, naziweka kwenye mashine, najua nani figo zake zimechoka kabla hajaambiwa, na sijui hata sura yake. Damu yako siwezi kuiona. Nina sura tu, tena ya miaka mingi iliyopita.

Juzi nilikupigia. Nyuma yako mtu alikuwa anabishania chenji. Ulisema "tuko salama, tunamshukuru Mungu", kisha ukapumua kama aliyetoka kupanda kilima. Nikauliza, "Umesimama?" Ukasema, "Nimeketi." Sikuuliza zaidi kwa sababu ya wateja.

Nilirudi kwa Mama Lam, nikamwambia shangazi amekataa. Hakushangaa. Alisema hata mama yake alikataa kumjibu yeye, mpaka alipoletwa daktari mgeni kutoka kijiji kingine. Akaniambia, "Aniandikie mimi. Mimi si mtoto wake."

Kwa hiyo nakuomba hili tu. Andika kwenye karatasi yako mwenyewe, kwa Kiswahili, uikunje, uandike juu yake jina la Mama Lam. Kifaransa hajui, lakini anaye mtu wa kumsomea Kiswahili. Usiniulize ni nani.

Ildephonse anakuletea pia kopo la pili la vidonge, usiteseke bure tukiwa tunangoja.

Kuhusu Murhula, sombe yako ni hatari.

Mtoto wako,
Héritière


Kadutu
3 Machi 2016

Héritière mwanangu,

Salamu nyingi. Nafurahi kwamba baba yako yuko salama. Mjukuu wa Uwamariya ameanza kukaa.

Karatasi iliyokunjwa ni ya Mama Lam. Usisome wewe. Mpe Mchina.

Donatille


Kwa Bibi Lam, daktari

Bibi, nakusalimu. Mimi ni Donatille, shangazi wa yule msichana mwembamba anayekunja uso akifikiri. Asante kwa kutomwuzia kitu. Mfanyabiashara anayekataa pesa nampa majibu.

Naamka kwenda haja mara nyingi, halafu kinachotoka ni kidogo na kina povu kama la sabuni ya kipande. Nilidhani ni ndoo haijaoshwa vizuri. Nikaiosha. Miguu imejaa. Nikibonyeza kidole, shimo linabaki likinitazama. Ndiyo maana viatu havikuingia. Ngozi ya Amerika haina kosa. Nyama imenishinda, sambaza zina ladha ya chuma. Masikio yanalia kama jiko la mafuta ya taa. Baridi naisikia hata juani.

Nameza vidonge vyeupe ambavyo mtoto ananitumia, asubuhi, mchana na jioni. Kopo la kwanza limekwisha, la pili nimelianza. Nakutajia kwa sababu daktari anapaswa kujua mtu anakula nini. Usimwambie kama mashitaka. Amenitumia kwa upendo, nami nimevimeza kwa upendo.

Umeuliza naogopa nini. Nimezeeka mbele ya madaktari na hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Bahizire ni mdogo wangu wa mwisho. Tulipokimbia vita mara ya kwanza, mama yetu akiwa mgonjwa, mimi ndiye niliyembeba mdogo wangu huyo, mgongoni, juu ya reins hizihizi, mpaka ng'ambo. Naogopa kwamba akijua ninaumwa ataacha mashuka yake aje anibebe na yeye. Amekwisha kupoteza mke njiani, kule Nairobi. Nataka akae palipo na joto la mashine.

Namwogopea pia yule msichana. Ana tabia ya kutanguliza shida za wengine ili yake isionekane. Kuna mtu amemwuliza swali zuri na yeye amejificha nyuma ya miguu yangu iliyovimba.

Basi. Nimesema. Ni ajabu, nimelala vizuri jana, hata kabla ya majani.

Na huyo anayekusomea, ambaye sikuuliza ni nani, mwambie asilie juu ya karatasi. Wino huu ni wa rahisi.

Donatille


Saint Paul
28 Machi 2016

Shangazi,

Salamu utaniwia radhi, leo naanza na neno lenyewe.

Nilipokupigia juzi nilitaka kusema kitu kimoja tu, na wewe ukanijibu kwa sauti ya wateja, "Kopo gani nitupe?" Nikasema kopo la vidonge. Ukasema, "Vyote?" Vyote, Shangazi. Usimpe Uwamariya, usimpe binti yake mwenye viatu, usiweke akiba. Mimina chooni. Vidonge vile vinamfaa mtu anayeumwa mgongo siku mbili tatu. Mtu mwenye figo zilizochoka vinazimaliza, tena kimyakimya, huku vikimwondolea maumivu ili asisikie. Nilijua hivyo. Nilifanyia mtihani nikapata alama nzuri. Lakini niliamua kwamba neno lako ni mgongo, nikakutumia dawa ya maana moja ikaenda kuharibu maana ya pili.

Nilimsomea Mama Lam karatasi yako neno kwa neno, nikitafsiri. Nasikitika kukuambia kwamba wino umeharibika mahali pawili.

Nilipofika kwenye vidonge alisimama. Sijawahi kumwona amesimama. Ni mfupi kuliko meza yake. Aliweka viganja vyote viwili juu ya kioo.

"Hakuna jani," akasema. "Kwanza kopo, kwanza damu. Hospitali ikishasema, ndipo mimi niseme."

Nikamwambia ombi lako limetoka mbali hivi kwa ajili ya majani yake. Akasema ndiyo sababu. Akasema na zile pakiti za sokoni usiziguse, kwa kuwa iko mizizi ambayo watu wa kwao waliitumia miaka mingi kutibu figo, kumbe ndiyo iliyokuwa inaziua, na kwenye pakiti isiyosomeka mtu hawezi kujua kama imo. Alikuwa na hasira, lakini nadhani haikuwa juu yako wala juu yangu.

Halafu, nilipokuwa mlangoni, akaniita. Akafungua droo ya chini, akanifungia mfuko mdogo wa nyuzi kavu za rangi ya kahawia. "Huu ni zawadi. Anuse. Asinywe mpaka daktari wake aseme." Nimeufunga ndani ya soksi ya Heri, iliyofuliwa.

Baba nilimwambia. Najua hukutaka. Sikuweza kukaa naye meza moja nikiwa na jambo hili mdomoni. Alitoka akaketi garini, akawasha injini, wala hakwenda popote. Nilipomfuata, kioo kilikuwa kimejaa ukungu wa pumzi yake. Alisema, "Alinibeba." Baadaye akasema, "Mwambie sitaacha kazi. Mwambie akiipenda kazi yangu hivyo, basi aende hospitali. Ni biashara."

Nenda, Shangazi. Wakupime damu na mkojo na presha. Niandikie namba zote, hata usizozielewa. Hizo nazijua kusoma. Na kama umekasirika kwamba nilisoma karatasi isiyokuwa yangu, kasirika ukiwa njiani kwenda hospitali.

Héritière


Kadutu
15 Mei 2016

Héritière mwanangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Mwambie Heri soksi nimeipokea na ninaivaa.

Vidonge nilivimimina chooni, na Uwamariya alisimama mlangoni kama shahidi wa ndoa. Kisha akanipeleka hospitali, akafunga duka, jambo ambalo hajalifanya hata kwa mazishi. Waliniketisha kwenye benchi mpaka jua likapinduka. Daktari ni kijana, ana ndevu chache, alinisalimu "Mwalimu", kumbe dada yake mkubwa nilimfundisha. Nikaona bora nimjibu maswali yake. Nilikuwa nimekwisha kufanya mazoezi na Mama Lam.

Namba zote ziko nyuma ya karatasi hii, nimezinakili kwa uangalifu. Kwa maneno yake yeye: figo zimechoka sana, hazijafa. Presha ilikuwa juu na hakuna aliyejua. Kama ningeendelea na kopo la pili, alisema, tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Sasa nina dawa ya presha, chumvi nimeachana nayo kama mume mbaya, na narudi kila mwezi kupimwa. Miguu imepungua. Jana niliona kifundo changu cha mguu, nikakisalimu. Mgongo bado unauma. Anataka niukande kwa maji ya moto na nitembee, basi. Naukanda.

Usinililie tena kuhusu vidonge. Neno lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyekuandikia reins nikijua shimo la kidole liko mguuni. Nilitaka uelewe mgongo, ukaelewa mgongo. Ulinitii.

Sasa nikuchekeshe. Nilifungua soksi, nikanusa, nikajua kabla ya kuona. Nywele za mahindi! Mama yetu alikuwa anatuchemshia tukishindwa kukojoa. Sisi hapa tunazitupia mbuzi, na Mchina wa Saint Paul anazifungia kwenye droo. Nilicheka mpaka Uwamariya akaja kuuliza. Nilimwonyesha daktari, naye akacheka. Akasema kwa sasa hapana, tungoje damu itulie, halafu tutaona kikombe kidogo. Basi nimeziweka kwenye chupa kando ya kitabu cha sala, na jioni nafungua nanusa. Nasikia jiko la mama. Mwambie Mama Lam imefanya kazi hivyohivyo, bila kunywewa.

Kuhusu baba yako, biashara nimeikubali.

Haya. Mimi nimejibu. Nimetaja povu mbele ya watu wa mabara mawili. Na wewe? Tangu nilipokukamata na ile "tulikwenda", barua zako zimejaa "nilimsomea", "nilirudi", "nilipofika", kama mtu anayefagia nyayo zake. Mjini kwenu kuna baridi ya kuua, na wewe huna gari, maana la baba yako linakwenda Bloomington. Ulifikaje kwa Mama Lam, kwa mabawa?

Nina maswali yangu na mimi. Unalalaje? Chakula kina ladha gani siku asipokuja kanisani? Unaogopa nini? Najua mtoto hamwambii shangazi. Kwa hiyo usiniambie mimi.

Shangazi yako,
Donatille


Saint Paul
19 Juni 2016

Shangazi mpenzi,

Nakusalimu, na Baba anakusalimu. Namba zako nimezisoma. Nimezisoma kama watu wanavyosoma barua za mapenzi, nikirudia. Zimechoka, hazijafa, kweli. Endelea hivyohivyo.

Karatasi iliyokunjwa ni ya Mama Lam. Ildephonse amekosea, ameibeba kuja Kadutu. Usisome wewe.

Héritière


Kwa Mama Lam

Mama, umeuliza nalalaje. Nalala, lakini nikiamka nasikiliza kwanza kama wote wapo.

Tangu mama yangu afe Nairobi, nina mazoea ambayo sijamwambia mtu. Kila tunapoingia garini nahesabu: Baba, Heri, mimi. Ndipo gari linaweza kuondoka. Wewe ulisema figo ni mahali ambapo hofu inakaa. Mimi sikuamini, mashine zangu hazipimi hofu. Lakini kiangazi kilichopita Jotham aliniuliza lile swali, hapo kando ya gari lake, akiwa ameshika funguo, akasema kwa Kikenya chake, "Sikupush, jibu ukiwa ready." Nami nikasikia kitu kimekaza hapo chini ya mgongo, pande zote mbili, palepale shangazi yangu anaposhika akisema reins.

Nilijua ni nini. Nikisema ndiyo, hesabu inaongezeka. Watatu naweza kuwalinda kwa macho. Wa nne ni mtu mwingine wa kupotea.

Alinipeleka dukani kwako kila mara. Mara ya mwisho, karatasi ikiwa mkononi, nilimwambia aningoje nje kwa sababu ni siri ya shangazi. Alingoja kwenye baridi amesimama, ingawa gari lilikuwa na joto, ili nikitoka nimwone. Nilipotoka nimelia hakuuliza. Alinifungulia mlango, akaingia upande wake, na mimi nikahesabu bila kukusudia. Nikafika mpaka kwake. Hakuna kilichovunjika.

Jumapili nilimtaja kwa Baba. Baba alisema, "Nilikuwa nangoja nani atachoka kwanza, yeye au mimi." Heri alijibu kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza mwaka huu: "Hatimaye."

Kuna mwanamke mmoja Bukavu ambaye lazima amwone huyo mtu kabla ya mahari wala jambo lolote, amketishe jikoni, ampe sombe isiyo na chumvi na kumwuliza maswali yote ambayo mimi sikuthubutu. Huyo anayekusomea karatasi hii, ambaye simwulizi ni nani, mwambie hivi: mwezi wa kumi na mbili, theluji ikianza huku, tutakuja.

Yeye alifundisha sarufi. Ahesabu mwenyewe.